Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Kenya: Njoroge naye aingie kwenye somo la Kiswahili

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa. Nakuandikia kuhusu kitabu kimoja tu.

Muhula uliopita, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, darasa limechoka na mwalimu amechoka zaidi, niliweka mwongozo kando nikawasomea kidato cha tatu kipande cha riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964, Weep Not, Child. Niliisoma kwa Kiswahili. Nina nakala ya Usilie Mpenzi Wangu, tafsiri ya John Ndeti Somba ya miaka ya 1970, imechakaa hadi jalada linashikiliwa na selotepu.

Nilichagua pale Njoroge, mhusika mkuu, na Stephen wanapokutana Siriana, shule ya misheni anakosoma Njoroge, siku shule ya Wazungu ilipokuja kucheza. Baba yake Njoroge, Ngotho, ni kibarua katika shamba la Bwana Howlands, mlowezi wa Kizungu, na shamba hilo lilikuwa la wazee wa Ngotho. Stephen ni mtoto wa Howlands. Walipokuwa wadogo, Njoroge alimwona akimjia njiani, akatimua mbio kichakani. Sasa wamekua, na Stephen anamwambia kwamba siku zile alikuwa akijificha kando ya barabara akitamani kuzungumza na watoto Waafrika waliokuwa wakipita, ila aliogopa wasije wakamkataa.

Darasa lilinyamaza. Nyuma kabisa huketi kijana wa Kisomali ambaye wenzake humwita "warya", neno la kuwadharau Wasomali, kutwa kucha, kana kwamba ndilo jina lililo kwenye rejista. Haulizi maswali kwa kawaida. Siku hiyo aliuliza: "Mwalimu, huyo Mzungu alikuwa anaogopa nini na baba yake ndiye mwenye bunduki?"

Kengele ililia kabla sijapata jibu. Afadhali, maana sikuwa nalo.

Sisemi kwamba riwaya inaweka hofu hizo mbili kwenye mizani moja. Stephen anapelekwa Uingereza. Njoroge, aliyeamini elimu kama wengine wanavyoamini sala, anatolewa darasani na polisi na kuteswa, Howlands mwenyewe akiwapo. Anaishia kuwa mwuzaji katika duka la Mhindi, kisha jioni moja anatoka nyumbani na kamba. Mama yake ndiye anayemtafuta na kumrudisha. Ukiniuliza mimi, lakini, ukurasa wa kutisha kuliko yote hauna damu hata tone: ni pale Howlands na Ngotho wanapolikagua shamba pamoja, wote wawili wanalipenda, na kila mmoja anajua moyoni mwake kwamba ni lake. Ubaguzi hapo hautukani mtu. Unatembea taratibu ukitazama mimea.

Mheshimiwa, vitabu teule vya Kiswahili tulivyo navyo, Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo, sina ugomvi navyo. Hakuna hata kimoja kati yake ambacho ni tafsiri. Upande wa Kiingereza, watoto wetu walitahiniwa miaka kadhaa katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa A Doll's House ya Ibsen, tamthilia iliyoandikwa kwa Kinorwe, na sikusikia mtu akilalamika kwamba si fasihi ya Kiingereza. The River Between ya Ngũgĩ nayo iliwahi kutahiniwa upande huohuo. Mtu aliyekiaga Kiingereza mwaka 1986 katika kitabu chake Decolonising the Mind, watoto wetu wanamjua kwa mlango wa Kiingereza tu! Alipofariki Mei 2025, kila kiongozi alikuwa na la kusema juu yake.

Najua nitaambiwa tafsiri ile imezeeka. Kweli, kuna sentensi zinazochechemea. Basi ifanywe upya, watafsiri tunao. Nitaambiwa pia kwamba mateso na kamba ni mazito kwa vijana. Riwaya teule ya awali, Chozi la Heri, ilikuwa na machafuko ya baada ya uchaguzi, watu kuchomewa nyumba na kufurushwa, na tuliifundisha kurasa zote.

Ninachoomba ni hiki: mnapochagua vitabu vya fasihi ya Kiswahili vya Gredi ya 10 hadi ya 12, riwaya zilizotafsiriwa zikubaliwe kushindana na nyingine, na hii iwe ya kwanza kuwekwa mezani.

Nakala yangu kwa sasa sinayo. Yule kijana aliiazima Ijumaa ileile, na nasikia imeshapita mikono minne. Mmoja wa hao wanne ndiye aliyekuwa akiongoza kumwita "warya." Kurasa za mwisho zilikuwa zimeanza kung'oka, na nimezunguka maduka ya vitabu mjini nikitafuta nyingine bila kuipata.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili