Kwa mdogo wangu anayetaka kuacha saikolojia

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. "Dada, nadhani nilikosea kozi. Mimi si mtu wa saikolojia." Sikutaka kukujibu kwa simu. Nawajua wenzako wengi wanaolala na wazo hilohilo, nikaona niandike hapa, nao wasome.

Wewe ndiye unayewaelekeza wenzako nadharia za Piaget na Vygotsky za ukuaji wa mtoto mnapokaa kujisomea. Kilichokuvunja ni vitu viwili: somo la takwimu ulilopata sapu, na ile siku ya fildi hospitalini, mama wa watu alipolia mbele yako ukakosa la kusema. Hayo ni mambo mawili. Umeyachukua ukayapaka kwenye kozi nzima.

Unamkumbuka Albert Bandura, yule mwanasaikolojia. Mwaka 1977 alipoandika juu ya imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo, hakuwa anazungumzia kujiamini kwa jumla jumla. Imani hiyo hufuata kazi yenyewe: mtu anaweza kuwa nayo kwenye insha asiwe nayo kwenye mahojiano. Na kazi iliyomfikisha huko ilihusu nyoka. Yeye na wenzake walikuwa wakiwasaidia watu wenye hofu kubwa ya nyoka. Hawakuwahubiria kwamba wanaweza. Mhusika alimtazama kwanza mtaalamu akimshika nyoka, kisha akasaidiwa kumgusa kidogo kidogo, glavu mkononi, hata akaweza kwa mikono mitupu. Kujiamini kulikua kadiri mkono ulivyozidi kusogea.

Kwenye takwimu wewe hujawahi kugusa nyoka, mdogo wangu. Umesoma desa. Umelisoma na kulirudia mpaka kurasa zimelegea, ukaingia kwenye mtihani ukiwa na uhakika, na uhakika ukakutupa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma matini kwa vipindi vinne; jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likajitahidi kuikumbuka mara tatu bila kuitazama. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi ya kukumbuka. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40, na wale wengine asilimia 61. Kwa hiyo funga desa. Waulize majirani zako 20 wa bweni wanalala saa ngapi na wana wasiwasi kiasi gani, chora jedwali kwa kalamu, tafuta wastani, tafuta uhusiano wa usingizi na wasiwasi, ukosee, urudie. Ukishazijua namba zako kwa sura, programu ya kompyuta haitakutisha.

Fildi ndiyo iliyonikosesha usingizi nilipokusoma, maana na mimi nilipita hapo. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe. Kichwani nilikuwa na nadharia zote za majonzi, nikawa natafuta ipi nianze nayo, na mdomo ukakauka. Kama dakika tano hivi sikusema kitu. Kisha yeye mwenyewe akaanza kumsimulia mwanawe: alivyopenda mpira, alivyokuwa mvivu wa kufua. Nilitoka pale nikiamini nimeshindwa. Wiki iliyofuata alirudi, akaniulizia mimi kwa jina. Sikuambii kwamba kunyamaza ni dawa. Ninachokuambia ni kwamba siku ile sikuwa na uwezo wa kupima kazi yangu mwenyewe, na wewe pia hukuwa nao. Ndiyo kazi ya msimamizi. Mwendee, mweleze neno kwa neno kilichotokea, kisha uombe ukae pembeni umtazame yeye akifanya, mteja akiridhia.

Halafu kuna lile swali lako linaloniuma kuliko yote: nadharia za Wazungu zitamfaa nini mtu wa Mbagala? Angalia alichofanya Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, kule Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006, huko Mbare, alianza na bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, akawafundisha tiba ya kutatua matatizo. Nadharia ilitoka mbali, lakini mazungumzo yalifanyika kwenye benchi nje ya kliniki, kwa Kishona, na maradhi yakaitwa kama watu wenyewe wanavyoyaita: *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Hawakuishia kusema inasaidia. Waliijaribu kwa watu 573 katika kliniki 24, matokeo yakatoka mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, walikuwa kama 14 katika kila 100 kati ya waliopita kwenye benchi, na 50 katika kila 100 kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Nadharia, utafiti na vitendo, vyote kwenye benchi moja la mbao.

Na sisi je? Muulize mtu wa kwetu kama ana sonona, atakukodolea macho. Muulize kama ana mawazo, atavuta kiti. Wewe unayelijua hilo tangu utotoni ndiwe unayetaka kuondoka?

Umesema dodoso la utafiti wako limerudishwa mara mbili. Usiliandike upya peke yako usiku. Likizo ikifika njoo nalo nyumbani. Jioni tutakaa barazani na mama mkubwa, umsomee swali moja moja kwa sauti. Pale atakapokwambia, "Mwanangu, hapo unaniuliza nini?", weka alama kwa kalamu nyekundu. Nauli nitakutumia, bumu lako liache kwa ajili ya chakula.

Dada yako