Ghala lisimame kabla ya masika

Assalaam alaykum. Ndugu zetu mlioko hapa kijijini Pemba, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na kwengineko,

Kamati ya madrasa inakuombeni mchango. Pembe ya ghala la uwanjani, ambamo watoto husomea, imeachana na ukuta, na ufa umefika pahala mkono wa mtu mzima unaingia hadi kiwikoni. Watoto tumeshawahamishia barazani. Mvua ikipiga, wanarudi majumbani bila kusoma.

Kwa mliozaliwa mjini, uwanja wenyewe uko hivi. Nyumba kubwa upande mmoja, ghala linaitazama, jiko na kisima ubavuni, na ukuta wa mawe umefunga kulikobaki kwa lango moja tu. Katikati ndiyo sakafu ya kuanikia karafuu. Milango yote inaelekea kwenye sakafu, na wa ghala ni mpana kuliko mingine, kwani wingu likitanda watu wanne walioshika jamvi lililojaa hawana muda wa kupishana. Sakafu nayo imeinama kidogo kuelekea langoni. Mwageni ndoo ya maji muone yanavyokimbia! Aliyejenga hapa alikuwa na karafuu kichwani, hakuwa na jengine.

Mtajua kwa nini. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na karafuu ikawa yetu tangu hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakagaiwa eka tatu tatu, na majengo mengi ya namna hii yakakosa wa kuyaangalia. Hili letu limenusurika kwa sababu madrasa iliingia ghalani.

Sasa kosa, na kosa ni letu wenyewe. Mchango wa mara iliyopita tulinunua saruji, tukapiga lipu ukuta mzima, tukapongezana. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji ikaufungia ndani. Lipu imevimba, inabanduka vipande vipande, na chokaa iliyo nyuma yake ukiikwangua kwa ukucha inamwagika kama sukari. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vimeoza.

Wapo wanaosema tubomoe, tujenge kwa matofali ya saruji. Itakuwa haraka, hatukatai. Lakini ukuta wa uwanja umeliegemea ghala hilo, na sakafu isiyo na pa kukimbizia karafuu ni ya nini? Tayari baadhi yetu tunaanika kando ya lami, karafuu zinachanganyika na mchanga, kisha tunanung'unikia daraja la ubora tulilopewa.

Tunahitaji boriti korija 3, yaani sitini, zitakazokatwa kwa kibali cha misitu. Tunahitaji chokaa, na hiyo ndiyo ya haraka, kwa kuwa lazima ilowekwe mapema. Isiyoiva hufutuka ukutani baadaye. Mawe yapo, yale yale yaliyoanguka, vijana wameyapanga chini ya mwembe. Mafundi wanaojua kutomea, yaani kujaza ukuta kwa vijiwe na chokaa, wamebaki wachache. Wazee wawili wamekubali kazi, kwa sharti kwamba tuwape vijana wanne wa kuwafundisha, nao wasiwe wa kushika simu kutwa.

Kila nyumba tunaiomba pishi 1 ya karafuu kavu msimu huu. Walio mbali watoe bei ya boriti moja au gunia la chokaa, anayeweza aongeze. Mpe mshika fedha wa madrasa mkononi, au kupitia kwa jamaa yako aliyepo hapa, na udai stakabadhi. Hesabu itasomwa kila Ijumaa baada ya sala na kubandikwa mlangoni mwa msikiti, pamoja na matumizi yote, hata ya misumari.

Asiye na cha kutoa, Jumapili asubuhi tunaanza kubandua ile saruji. Aje na patasi na ndoo. Chai na muhogo vitakuwepo.