Kabla hujaomba sindano ya muwasho: mbwa wa kilo 4 si ng'ombe mdogo

Mwezi wa saba, mikorosho ikiwa inapulizwa, aliingia dukani kwetu, duka la dawa za mifugo, mama mmoja amebeba kijibwa cha njano. Nilidhani ni mbegu mpya imeletwa mjini. Kumbe ni mweupe, wale wa manyoya marefu wanaopendwa siku hizi huku Shangani, Mtwara, ila kijana wa nyumbani alimpaka salfa ya mikorosho iliyokorogwa na mafuta ya nazi, kuanzia masikio hadi mkia, kwa sababu mbwa alikuwa halali usiku kwa kujikuna.

Yule kijana hakukosea sana. Salfa ni dawa ya upele ya tangu zamani, kwa watu na kwa wanyama. Lakini ile ya mfuko wa shambani ni ya kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, kwenye majani na maua ya mkorosho. Haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, tena ngozi iliyochubuka, na mbwa si mkorosho: anajilamba. Huyu alikwisha tapika mara mbili na macho yalikuwa mekundu. Tukamwosha, tukamkausha, na chini ya ile njano tukakuta ugonjwa wenyewe unatembea. Viroboto.

Wateja wengi wenye mbwa wadogo hufika kwetu na neno moja mdomoni: aleji. Na mara nyingi wanasema kweli bila kujua, maana mzio unaotesa mbwa wengi ni mzio wa mate ya kiroboto. Mbwa mwenye mzio huo hahitaji kujaa viroboto. Wawili watatu wakimuuma, anajikuna siku kadhaa. Ndiyo maana mtu anapekua manyoya, haoni kitu, anaapa kwamba mbwa wake ni msafi. Tazama anapojing'ata. Kama ni kiunoni, juu ya mkia na nyuma ya mapaja, na manyoya ya hapo yamekatika kama yametafunwa na panya, wa kwanza kushukiwa ni kiroboto. Mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Vikidondoka vichembe vyeusi halafu vikaanza kuacha rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako mwenyewe.

Hapa ndipo watu wanapotuchoka. Tunawaambia mbwa ni sehemu ndogo ya kazi. Viroboto wakubwa unaowaona mwilini hukadiriwa kuwa kama 5 tu katika kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na wale waliojifungia kwenye vifuko vyao, na hao wako mkekani, kwenye nyufa za sakafu, chini ya kochi, kwenye mchanga wa kivulini anapolala mchana. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka popote mbwa anapopita. Joto na unyevu wa pwani yetu ndivyo wanavyovipenda, na hatuna baridi ya kuwapumzisha mwaka mzima. Aliye ndani ya kifuko anaweza kusubiri miezi, akisikia mtikisiko wa nyayo ndipo anatoka. Familia inafunga nyumba inakwenda msibani Masasi wiki tatu, ikirudi inalakiwa na viroboto mlangoni, halafu lawama zinakuja kwa duka kwamba dawa ilikuwa feki.

Kwa hiyo dawa ya viroboto, iwe kidonge au ya matone ya mgongoni, tunampa kwa miezi mitatu mfululizo bila kuruka, pamoja na mbwa wengine wa nyumba hiyo. Paka naye atibiwe, ila kwa dawa yake ya paka: dawa za mbwa zenye permethrin zinaua paka. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki, na sakafu ifagiliwe hadi pembeni. Baada ya hapo kama bado anajikuna, sasa tuzungumze aleji nyingine.

Wasioonekana

Upele wa mbwa unaletwa na utitiri ambao jicho halimwoni. Huanzia kingo za masikio, viwiko na tumbo. Ngozi inakuwa na magamba na mbwa anajikuna kama amerogwa. Sugua ncha ya sikio kwa vidole. Akianza kupiga mguu wa nyuma hewani, shuku upele. Na ukiona wewe au mtoto anayembeba ana vipele vya kuwasha mikononi na kiunoni, tuambie mapema, usione haya. Kuna utitiri wa aina nyingine ambao hauambukizi watu, huwapata zaidi watoto wa mbwa, unaacha vipara kuzunguka macho na mdomo bila muwasho mkubwa. Mbwa mwenye utitiri huo akichomwa sindano ya kupunguza muwasho hali inazidi kuwa mbaya. Ndiyo maana tunakwangua ngozi kidogo na kuangalia kwa hadubini kabla ya kutoa chochote.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo sijaliona likitajwa sana. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Kina mama wanaobangua wanajua, vidole vinachunika. Sasa watu wanahifadhi maganda uani kwa ajili ya kuni, na kijibwa kinaona hapo ni kitanda. Tumepokea wawili waliochubuka tumbo na mapumbu tu, mgongo safi kabisa, na wote walikuwa wanalala juu ya rundo la maganda. Hawakuhitaji dawa nyingi. Walihitaji kuhamishwa.

Mzani kwanza, bomba la sindano baadaye

Sasa naomba tuelewane kuhusu dawa, maana hapa ndipo tunapopoteza mbwa wadogo. Ile ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu, ya sindano ya asilimia 1 ambayo kila mfugaji anaijua, kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Piga hesabu hiyohiyo kwa kijibwa cha kilo 4: unapata mililita 0.08, haifiki hata moja ya kumi ya mililita. Anayekadiria kwa jicho na bomba kubwa anaweza kumpa mara tano, mara kumi, na hajui. Mbwa anaanza kuyumba, anatoa mate, haoni, anaweza kuzimia. Tena wapo mbwa wenye damu ya collie, wale mbwa wa kuchunga kondoo, ambao miili yao haiwezi kuihimili hata kwa dozi ndogo. Dawa ya dipu yenye amitraz nayo ikizidi humlegeza mbwa mdogo, joto la mwili linashuka, mapigo ya moyo yanapungua. Oili chafu ya gari ndiyo kabisa usithubutu: inapita kwenye ngozi, na inayobaki anailamba.

Na ile "sindano ya muwasho"? Ipo, tunayo, na inafanya kazi haraka. Ni steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na muwasho. Mbwa analala usiku huohuo na wewe unatushukuru. Lakini haiui kiroboto wala utitiri, na kama ngozi ina usaha inawapa vijidudu vya usaha nafasi ya kuenea. Baada ya wiki chache muwasho unarudi, anachomwa tena, anaanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa ndani, kunenepa. Tunaitumia kwa siku chache pale mbwa anapojichana hadi damu, tukiwa tunatafuta chanzo. Anayekuja kila mwezi kuifuata tunamkatalia, na tumeshapoteza wateja kwa hilo.

Akibaki anawashwa viroboto wakiwa wamekwisha na utitiri haupo, tunaangalia chakula. Mzio wa chakula si wa kitu kipya. Mara nyingi ni kile anachokula miaka yote, hasa nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa au ngano. Jaribio lake ni wiki nane za chakula ambacho hajawahi kula. Kama amekulia mifupa ya kuku na ugali, mpe nyama ya mbuzi iliyochemshwa na viazi vitamu, bila kitunguu na bila viungo. Wiki nane kamili. Jaribio hili huharibiwa na watoto, anayedondosha kipande cha chapati chini ya meza, na bibi anayeona mbwa anaonewa.

Wanaobaki ni wenye mzio wa vumbi, chavua na ukungu wa nyumbani. Hawa huanza kati ya umri wa miezi sita na miaka mitatu, wanalamba vidole vya miguu hadi manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu, masikio yanauma kila mara, kwapa na kinena vinakuwa vyekundu. Haponi, anatunzwa. Dawa nzuri za kisasa zipo, mfano vidonge vya oclacitinib, ila hawapewi walio chini ya miezi 12, ni ghali, na sisi huagiza Dar es Salaam. Kwa wengi tunaanza na kuosha: shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mara moja kwa wiki, povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza, kisha akaushwe hadi ngozini. Sabuni yetu ya kuogea inakausha ngozi yake. Kumpeleka baharini nako siyo dawa kama hutamsuuza na maji baridi yasiyo na chumvi. Ukisikia harufu ya uchachu na ngozi inateleza kwa mafuta, hapo fangasi wameshaingia, usisubiri.

Najua pia kwamba nyumba nyingi za hapa mbwa ni wa ulinzi au wa watoto, na mwenye nyumba hataki mate yake yamguse kwa sababu ya udhu na swala. Hatuoni ajabu. Kuosha tunafanya wenyewe Jumanne na Jumamosi asubuhi, unamshusha getini na kamba yake, unamfuata mchana akiwa mkavu.

Siku unayomleta usimwoshe wala usimpake kitu siku tatu kabla, tunataka kuona ngozi ilivyo. Beba chupa au boksi la kila dawa aliyokwisha tumia, hata ile unayoionea aibu. Kupima uzito hatutozi, na ukituandikia kilo zake kwenye simu kabla ya kuja, tafadhali zipime kwa mzani: panda naye, halafu panda peke yako, utoe.