Moshi wa alfajiri unawaondoa watu viwanjani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopunguza wanamichezo hapa Mbeya kila kiangazi, nalo ni moshi wa takataka na wa mashamba yanayosafishwa kwa moto.

Jiji letu limekaa bondeni, Loleza na Mlima Mbeya upande mmoja, safu ya Uporoto upande mwingine. Kuanzia Juni usiku huwa na baridi kali, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hutuama chini pamoja na moshi wote mpaka jua lipande. Vikundi vya jogging hupita Soweto na Mafiati saa kumi na mbili asubuhi, wakati moshi huo bado haujainuka. Mtu aliyetulia huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika, lakini anayekimbia kwa nguvu anaweza kuvuta zaidi ya lita 100, tena nyingi kwa mdomo, usio na vinyweleo vya kuchuja vumbi kama pua.

Wanaoniuma zaidi ni watoto. Katika kiwanja kimoja cha shule huku Uyole, nyuma kabisa ya goli, kuna lundo la nepi, chupa za plastiki na maganda ya viazi linalofuka siku nzima. Wasichana wa mpira wa pete hucheza wamejifunga vitambaa puani, na mwenzao mwenye pumu hukaa pembeni akiwashikia masweta. Nawasikia wazee wenzangu wakisema watoto wa siku hizi wamependa simu kuliko mpira, nami sikubaliani nao, kwa sababu mtoto yule anautamani mchezo ila kifua kimemkatalia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Kwa kuwa mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA) hufanyika katikati ya mwaka, moshi unapoanza kushamiri, naiomba halmashauri iyaelekeze magari ya taka kwanza kwenye mitaa inayozunguka viwanja vya shule, na wenyeviti wa mitaa wazuie kabisa uchomaji karibu na viwanja hivyo. Wakulima wenzangu nao wafukie mabua yaoze shambani. Hadi hayo yafanyike, walimu wa michezo wahamishie mazoezi jioni, upepo unapokuwa umekwisha kuupeperusha moshi.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya