Barua kwa Salim: gari la mteja wako na ugomvi wetu wa barazani

Dearborn, Michigan
Agosti

Kwako ndugu yangu Salim,

Assalamu alaikum. Natumai wewe, mama watoto na vijana wa gereji nyote hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mteja anataka gari la Kimarekani lenye mngurumo, pesa anazo, lakini hajui achague lipi kati ya Mustang ya Ford, Camaro ya Chevrolet na Challenger ya Dodge. Jibu fupi ningekupa kwa simu. Lakini swali lenyewe ndilo lililotugombanisha miaka yote ile barazani kwa bibi yako, wewe na Challenger yako, mimi na Camaro yangu, magari ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyagusa hata mlango. Leo naishi mjini ambako Ford ina makao yake makuu, na nimeyaona mengi, kwa hiyo nakuandikia barua kamili.

Jumamosi iliyopita nilikwenda barabara ya Woodward Avenue, huku Detroit. Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Agosti, watu hutoa magari yao ya kale na kuyaendesha polepole barabarani humo, wazee na wajukuu wao wameketi kandokando kwenye viti vya kukunja. Mambo haya yalianza mwaka 1995. Salim, ungelia. Ilipita Challenger ya mwaka 1970, rangi ya zambarau, yenye injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426, ile ambayo kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 425. Haikwenda kasi hata kidogo. Ilikuwa imesimama kwenye taa, injini ikitetema, na nikausikia mtetemo ule kifuani kabla sijausikia masikioni. Nikakukumbuka wewe papo hapo.

Kesho yake nikaenda kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, hapahapa Dearborn, kuitazama Mustang namba moja. Ni nyeupe, ya kufungua paa. Ilipelekwa St. John's, Newfoundland, kule Kanada, iwe ya maonyesho tu, lakini muuzaji akaiuza siku chache kabla ya uzinduzi. Mnunuzi alikuwa rubani wa ndege, Stanley Tucker. Ford walipoitaka irudi, akaendelea nayo kama miaka miwili, mpaka wakambadilishia na Mustang ya 1,000,001. Hesabu mwenyewe: gari lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, na kufikia mwanzoni mwa 1966 walikuwa wameshatengeneza milioni moja.

Nilisimama mbele ya gari lile nikajiuliza swali ambalo hatukuwahi kujiuliza pale barazani. Sisi tulikuwa tukibishana lipi lina nguvu zaidi. Hatukuuliza kila kampuni ilikuwa ikimtengenezea nani gari lake.

Mustang, chini ya bodi yake nzuri, ilikuwa Ford Falcon, gari la kawaida kabisa la familia. Lee Iacocca wa Ford na watu wake walichukua vyuma vilivyokuwepo tayari, wakavivika boneti ndefu na mgongo mfupi, wakaweka bei ya dola 2,368. Kwa bei hiyo ulipata injini ndogo ya silinda 6. Halafu ukapewa orodha ndefu ya vya kuongeza: V8, yaani injini ya silinda 8, gia za mkono, redio, breki bora, chochote. Karani kijana alipata gari la kwendea kazini, na mwenye kupenda mbio akapata la mbio, na wote wawili wakasema wana Mustang. Siku ya kwanza ziliagizwa kama 22,000.

Nawe usisahau kwamba kampuni ya Plymouth walitangulia. Barracuda yao ilitoka tarehe 1 Aprili 1964, wiki mbili kabla, nayo pia ilijengwa juu ya gari la bei nafuu, Valiant. Lakini kutangulia si kufika. Ukiitazama kwa mbele uliona Valiant ileile, imebandikwa kioo kikubwa nyuma. Watu walitaka gari linaloonekana jipya tangu taa za mbele.

General Motors nao walikuwa na njia yao. Mwaka huohuo wa 1964, John DeLorean na wenzake wa Pontiac, tawi mojawapo la kampuni hiyo, walikuwa wamefungwa na sheria ya kampuni: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wakaitia injini ya 389 ndani ya Tempest, si kama gari jipya, bali kama nyongeza tu kwenye orodha ya vya kuchagua, na sheria ikapitwa kwa pembeni. Ndiyo GTO. Wengi huku husema magari ya misuli, kama wanavyoyaita wenyewe, yalianzia hapo.

Camaro ilikuja Septemba 1966. Wanahabari walipouliza jina hilo maana yake nini, watu wa Chevrolet, tawi jingine la General Motors, walijibu kwamba ni kinyama kidogo kikali kinachokula Mustang. Utoto wangu wote uliishi kwenye jibu hilo, Salim, hata kabla sijalijua.

Na hapa nikucheleweshe kidogo kwa jambo la kifundi, maana najua utalipenda. Mashindano ya mbio za magari ya Trans-Am yalikuwa na kikomo cha injini, inchi 305. Chevrolet walikuwa na V8 ya 327, kubwa mno, na ya 283, ndogo mno. Wakachukua bloku yenye matundu mapana ya 327, wakaitia krenki fupi ya 283, ikatoka 302. Mapana ya tundu inchi nne, mwendo wa pistoni inchi tatu tu, kwa hiyo injini ile haina nguvu chini, lakini ukiipandisha mizunguko inaimba. Waliiita Z/28. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 602 tu. Mwaka 1968 na 1969 Mark Donohue akaendesha Camaro za timu ya Roger Penske na Chevrolet wakachukua ubingwa mara mbili mfululizo. Ford wakajibu na Mustang ya Boss 302, nao wakauchukua 1970. Hicho ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote: watu wa pande mbili wakisukumana kwa akili, kila mmoja akimlazimisha mwenzake awe bora.

Challenger yako? Ilitoka kwa mwaka 1970, nzuri kuliko zote kwa sura, hilo nakukubalia leo kwa mkono wangu mwenyewe, na nisingelikubali pale barazani. Lakini ilifika karamuni sahani zikikusanywa. Bima ya vijana wenye magari ya nguvu ilikuwa imepanda, sheria za moshi zikaja, kisha mwaka 1973 mafuta yakawa shida. Mwaka 1974 Challenger ikafa.

Ford mwaka huohuo wa 1974 walifanya jambo ambalo wapenzi wa nguvu hawajawasamehe: Mustang II, ndogo, ya kutoka ukoo wa Pinto, gari lao dogo, bila V8 hata moja kwa mwaka ule wa kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiicheka. Lakini waliuza zaidi ya 385,000 mwaka huo. Walimfuata mnunuzi alikokwenda, na jina likabaki hai. Wakati mpinzani wako anaugua, kubaki hai tu ni ushindi mkubwa.

Hata hivyo walikaribia kuliua wenyewe. Miaka ya themanini walipanga Mustang mpya iwe gari la kuvutwa kwa magurudumu ya mbele, lililojengwa pamoja na Mazda. Habari zikavuja, na wapenzi wakaandika barua kwa wingi, wakiomba lisitokee. Ford wakasikia. Gari lile likauzwa kwa jina la Probe, na Mustang ikabaki na V8 na magurudumu ya nyuma. Barua, Salim, za kalamu na bahasha.

Sasa njoo kwenye magari anayoyatazama mteja wako. Camaro ilisimamishwa 2002, ikarudi kama modeli ya 2010, na kuanzia mwaka huo hadi 2014 iliipiku Mustang kwa mauzo kila mwaka. Ile iliyofuata, ya 2016, ilijengwa juu ya chasisi nyepesi iliyotumika kwa Cadillac, na kwenye kona hakuna mwenzake kati ya hizi tatu. Nasema hivi baada ya kuziendesha zote. Inageuka unapotaka igeuke. Lakini madirisha ni membamba, paa ni la chini, nyuma hapakaliki mtu mzima, na wanunuzi wengi walitaka gari la kila siku. Walilitengenezea dereva bora, na madereva bora ni wachache. Mauzo yakashuka, na modeli ya 2024 ikawa ya mwisho.

Dodge walishika njia nyingine kabisa. Challenger iliyorudi 2008 ilikuwa nzito na pana, na mifupa yake ilikuwa na vipande vya kutoka kwa Mercedes, enzi Daimler na Chrysler walipokuwa nyumba moja. Mifupa hiyo hawakuibadilisha kwa miaka 15. Badala yake waliongeza moto. Mwaka 2015 wakaleta Challenger ya Hellcat, lita 6.2 na supachaja, pampu ya kusukumia injini hewa zaidi, nguvu za farasi 707, yenye funguo mbili: mwekundu unafungulia zote, mweusi unazipunguza hadi 500. Mwaka 2018 ikaja Demon ya 840, na 2023 Demon 170, ya 1,025 ukiitia mafuta ya E85, yenye ethanoli nyingi. Mwaka 2021 Challenger hii ya mifupa ya kizee iliuza kuliko Mustang na Camaro. Hapo ulikuwa sahihi na mimi nilikosea: nilikuambia gari zito halina maisha, kumbe watu walitaka nafasi ya watoto nyuma na radi mbele. Lakini moto huo ulikuwa na mwisho, na Desemba 2023 ikatoka ya mwisho. Aliyeifuata ni Charger, ya umeme kwanza, yenye spika za kuiga mngurumo, kisha wakaongeza ya petroli yenye silinda 6 na turbo mbili. Niliisikia ile ya umeme. Sina la kukuambia zaidi ya kwamba nilitembea nikaenda kuitafuta ile ya zambarau.

Na Ford? Mwaka 2015 walifanya jambo dogo kwa macho ya Wamarekani, lakini kwako na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Waliitengeneza Mustang yenye usukani wa kulia, kiwandani kwao Flat Rock, si mbali na hapa ninapoandika, wakaiuza Uingereza, Australia, Afrika Kusini, nchi baada ya nchi. Mwaka 2018 walipotangaza kuacha karibu magari yao yote madogo ya saluni hapa Marekani, Mustang waliibakiza. Kinachoniuma ni hiki: Camaro ya 2010 ilibuniwa juu ya kazi ya wahandisi wa Holden, tawi la General Motors huko Australia, watu wanaoendesha upande wa kushoto kama sisi, na bado kiwanda hakikuitoa hata moja yenye usukani wa kulia.

Kwa hiyo jibu la mteja wako liko kwenye sheria ya Kenya kabla halijafika kwenye moyo wake. Gari la usukani wa kushoto halisajiliwi, na lililozidi miaka 8 haliingii. Akitokea mtu wa kumuuzia Camaro au Challenger iliyohamishwa usukani, ikague wewe mwenyewe, na uanze kwenye usukani na breki. Mimi ningemwambia atafute Mustang ya Uingereza. Injini ya lita 2.3 yenye turbo itampunguzia ushuru, maana zinazozidi cc 3000 zinatozwa zaidi. Lakini kama anataka mngurumo kweli, achukue V8 ya lita 5, la sivyo atakurudia baada ya mwezi akikuuliza ekzosi za kuongeza kelele. Giaboksi ya otomatiki ni ya gia 10, na hili nimelihifadhi makusudi: Ford na General Motors waliibuni pamoja. Camaro ZL1 ilikuwa nayo pia. Basi ukilifungua gari hilo kwa chini, utashika kitu cha ukoo wa Camaro yangu, huko Changamwe, Mombasa.

Likifika bandari ya Kilindini, usiliwashe kabla hujanipigia. Weka simu karibu na ekzosi, hata kama huku ni usiku wa manane, nami nitakuwa macho.

Nisalimie mama, mwambie dawa nimezituma kwa yule kijana anayesafiri mwezi ujao.

Ndugu yako,
Athman