Risala ya kikundi cha wafugaji wa mbwa na paka Kangemi kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa na majirani, hamjambo. Karibu Kangemi, na asante kwa kuja mwenyewe, mwaka jana tulitumiwa mwakilishi.

Historia yetu ni ndefu ila jua ni kali, kwa hivyo tunairuka. Mafanikio ni makubwa sana: mbwa wengi wa mtaa wamechanjwa kichaa, paka wanajulikana kwa majina, na kikundi kina muhuri wake.

Sasa shida yenyewe. Vidonda haviponi. Mbwa anatibiwa, kidonda kinafunga, kinafunguka tena, halafu unasikia mwenye mbwa naye ametoka jipu na dawa za kemisti hazimsaidii. Kuna bakteria sugu wanaitwa MRSA, kwao amoksilini ni kama peremende, na hawachagui ngozi, mtu anaambukiza mbwa na mbwa anaambukiza mtu, mara nyingi hata sisi watu ndio tunaanza, kwa hivyo tafadhali mtu asiende nyumbani kufukuza mbwa. Si mambo ya Kangemi pekee, mwaka 2019 bakteria sugu wa kila aina waliua watu kama milioni 1.27 duniani. Na hapa kuna watu bado wanampa mbwa kapsuli zilizobaki za mtoto, tunawajua, wamekaa hapo nyuma.

Dawa ya kukisia ni kupima. Daktari anapangusa kidonda, maabara inaotesha bakteria na kuwajaribu kwa dawa tofauti, baada ya siku kadhaa unajua ipi itafanya kazi. Kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Kabete tu, shida si umbali, shida ni kwamba mtu wa kibarua hawezi kulipia kipimo cha mbwa na karo haijalipwa.

Tunaomba mfuko wa kulipia vipimo na boksi la barafu la kubebea sampuli, na majibu ya mbwa yamfikie pia daktari anayemtibu mwenye mbwa. Ombi hili si geni. Mgeni wa kwanza aliahidi hapa hapa, mbele ya kamera, akasema wiki ijayo. Mwakilishi wa mwaka jana akasema faili iko mezani. Hatulaumu mtu, pengine hio meza ni kubwa.

Chakula kiko tayari, mheshimiwa, lakini mwekahazina tumemkalisha kando yako makusudi, ako na fomu na kalamu, na pale pa tarehe tumeacha wazi ujaze mwenyewe.