"Mmeelewa?" haitoshi kwenye somo la vitendo

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwaseme kidogo walimu wenzangu wa sayansi, pamoja na waandaaji wa vitabu vyetu.

Chukua jaribio la kupima wanga kwenye jani. Maelekezo utayakuta hivi: "Chemsha jani katika spiriti." Maneno manne, na hatari yote imejificha humo. Spiriti hushika moto upesi, haibandikwi jikoni. Huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 78 tu, kwa hiyo unazima moto, kisha unatumbukiza neli, kile kichupa chembamba cha kioo, yenye spiriti na jani ndani ya bika, yaani gilasi ya maabara, la maji yaliyokwisha kuchemka. Joto hilo linatosha kuondoa umbijani, ile rangi ya kijani ya jani. Sasa, kuzima moto kuandikwe kama hatua inayojitegemea, tena kabla chupa ya spiriti haijafunguliwa. Kukiwekwa chini ya ukurasa kama tahadhari, mtoto ataisoma mikono imeshatenda.

Vivyo hivyo ukiandika "Dondoshea iodini baada ya kusuuza jani", anadondoshea kwanza, maana anatenda kadiri anavyosoma. Andika: Suuza jani. Litandaze kwenye kisahani. Dondoshea iodini matone matatu. "Kiasi kidogo" kila kundi lina chake.

Lipo jambo ambalo baadhi ya wenzangu watanibishia. Maelekezo yaseme wazi cha kufanya, ila yanyamaze kuhusu kitakachoonekana. Tukishaandika kwamba jani "litakuwa bluu-nyeusi", ambayo ndiyo dalili ya wanga, darasa zima litajaza bluu-nyeusi, hata kundi lililopewa jani la mmea uliokaa gizani siku mbili hadi wanga ukaisha, ambalo halikuonyesha ila ukahawia wa iodini yenyewe. Hiyo ni imla, si sayansi.

Halafu kuna hili swali letu, "Mmeelewa?" Wote huitikia "Ndiyooo!", akiwemo aliyekuwa akichezea kiberiti. Heri umwulize mmoja, "Moto unazimwa lini?", na vifaa vigawiwe baada ya jibu. Muda utaliwa, najua, na kipindi chenyewe ni dakika 40.

Kwa waandaaji wa vitabu ombi langu ni moja: kabla ya kuchapa, mpeni maelekezo mwanafunzi ambaye hajawahi kulifanya jaribio hilo, mwalimu akiwa karibu na neli ikiwa na maji badala ya spiriti, mtazame anavyofanya bila ninyi kutia neno.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro